UZI: Dumu la lita 20, kigoda na kibuyu kwenye ukumbi wa maonesho. Lini ni sanaa, na unavipangaje?

#1 Mkazi wa Mlimwa

Wakuu, habari za jioni. Kuna kikundi kidogo hapa jijini Dodoma kimepata chumba cha mita 8 kwa 6 kwa wiki mbili. Tunataka kuonesha vitu vya kila siku vya mikoa ya kati kama kazi za sanaa. Hakuna mchoro hata mmoja. Orodha ilivyo sasa: dumu la njano la lita 20, sufuria iliyoungua, kigoda cha miguu mitatu, vibuyu viwili (kimoja kina ufa), kinu na mchi, ungo, koroboi, katambuga za tairi, jembe lililolika mpaka limebaki ulimi, zeze na marimba ya Kigogo (boksi la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba).

Tuna maswali mawili. La kwanza, je, hivi ni sanaa kwa sababu tu tumeviinua tukaviweka ukumbini, au tunaigiza? La pili ni la mikono: stendi, taa, lebo, wadudu, mpangilio, na yapi huharibika. Anayeijua kazi hii aweke maelezo kamili, vipimo na sababu. Naomba kuwasilisha.

#2 Bi Kizota

Mkazi, orodha yako ina vitu vya aina tatu na umevipanga kama aina moja. Matatizo yote yatatokea hapo.

Aina ya kwanza ni vya kiwandani: dumu na sufuria. Hapa ndipo msanii Mfaransa Marcel Duchamp alipogusa. Mwaka 1913 alifunga gurudumu la baiskeli juu ya stuli, 1914 akanunua kichanja cha kukaushia chupa na kukiacha kilivyo, na 1917 akapeleka sinki la kukojolea la wanaume kwenye maonesho ya chama cha wasanii huru New York, likiwa limelazwa na kusainiwa "R. Mutt 1917". Kanuni ya chama ilisema kila anayelipa dola 6 kazi yake itaoneshwa. Hela ililipwa, kazi ikakataliwa. Duchamp mwenyewe alikuwa kwenye bodi, akajiuzulu. Sinki lenyewe lilipotea, ikabaki picha aliyoipiga Alfred Stieglitz. Yanayoonekana leo kwenye makumbusho makubwa ni nakala, nyingi zikiwa zilitengenezwa 1964 kwa idhini yake.

Ukiangalia alichofanya, ni hatua nne: alichagua, aliondoa kazi ya kitu (limelazwa, halitumiki tena), alikipa jina jipya, na alikipeleka mahali ambapo watu walipaswa kuamua. Uzuri haukuwemo kabisa. Ndiyo maana ukiweka dumu juu ya stendi na kuandika "uzuri wa maisha ya kawaida" unakuwa umepotea njia.

Aina ya pili ni vya mkono: kigoda, kibuyu, kinu, mchi, ungo, na nitaliweka jembe humo ikiwa ni la mhunzi. Hapa Duchamp hakusaidii. Sinki halikuwa na mtu aliyekaa na panga na tezo akiamua mguu uwe mnene kiasi gani. Kigoda kinaye. Ukikiinua ukumbini hukigeuzi kuwa sanaa, kwa sababu maamuzi ya umbo yalishafanywa na mtu mwingine kabla yako. Kazi yako ni kufanya yaonekane. Ukidai "nimekifanya sanaa" unamnyang'anya aliyekichonga.

Aina ya tatu ni vitu vya pili kutoka kitu cha kwanza: koroboi kutoka kopo, katambuga kutoka tairi, vijiti vya marimba kutoka misumari iliyofuliwa. Jirani yake ni kichwa cha ng'ombe cha mchoraji Picasso cha 1942, tandiko la baiskeli na usukani wake tu. Anayetazama lazima aone vitu viwili kwa wakati mmoja, tairi na kiatu. Ukiweka katambuga kisigino kikiwa ukutani, kashata za tairi hazionekani na kazi imekufa.

Kwa hiyo chumba kigawe, au lebo zigawe. Usivipange kwa ukubwa wala kwa rangi.

#3 Msema Kweli

Dada Bi Kizota, nimesoma yote. Swali langu ni la mtu wa Chang'ombe ya hapa Dodoma anayeingia pale bila kumjua Duchamp. Huyo dumu analibeba. Bomba likikata siku mbili, madumu manane yanapangwa foleni. Akikuta dumu limewekwa juu ya boksi jeupe lenye taa, ataona watu wenye nafasi wamefanya maonesho ya shida yake. Na kama kanuni ni "chagua, ondoa kazi, ipe jina, ipeleke ukumbini", basi kila kitu duniani ni sanaa, na neno halina kazi tena.

#4 Bi Kizota

Kaka, hoja zote mbili ni nzito, naanza na ya pili.

Kanuni ya hatua nne inasema kitu *kinaweza* kuwekwa mbele ya watu kama sanaa. Haisemi kuwa ni kazi nzuri. Msanii wa Marekani Andy Warhol mwaka 1964 alionesha maboksi ya stili waya ya Brillo, ya plaiwudi, yakiwa yamechapwa kwa fremu ya kitambaa yafanane na ya dukani. Mwanafalsafa Arthur Danto akaona kwamba macho peke yake hayawezi kukuambia lipi ni sanaa na lipi ni la stoo. Kinachotofautisha ni hoja na historia iliyokizunguka kitu. Kama kitu chako hakina hoja, kimebaki cha stoo hata ukikiwekea taa kumi.

Kipimo ninachokipendekeza kwa Dodoma: mtu akitoka mbele ya dumu, awe ameona jambo ambalo kwenye foleni ya bomba hawezi kuliona kwa kuwa ana haraka. Na dumu lina mengi. Tazama shingo: kifuniko cha kiwandani hupotea mapema, badala yake kuna gunzi la hindi lililozungushiwa mfuko wa nailoni. Tazama mpini: umefungwa kitambaa chekundu au kipande cha khanga ili mwenyewe alitambue kati ya madumu hamsini yanayofanana. Ubavuni kuna herufi mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto. Kwenye kona ya chini, inayoburuzwa chini, kuna kiraka cha plastiki kilichoyeyushwa kwa kisu cha moto, chenye rangi tofauti kwa sababu kimetoka kwenye ndoo. Hayo ni maamuzi manne ya watu juu ya kitu cha kiwandani. Kwa hiyo usinunue dumu jipya dukani. Jipya lina hoja ya Duchamp tu, lililotumika lina zaidi.

Kuhusu mtu wa Chang'ombe kuona anatukanwa: dawa ni kutompandishia dumu juu ya macho yake. Liweke chini, sakafuni, kwenye urefu analolijua, na yawe kadhaa kwenye mstari. Romuald Hazoumè wa Benin alitumia madumu 304 ya petroli kama vinyago kwenye kazi moja kuhusu biashara ya watumwa, yamelazwa sakafuni kwa mpangilio wa watu ndani ya meli. Hakuna aliyeona pale ni maonesho ya vyombo.

#5 Fundi Nzuguni

Upande wa stendi. Watu wengi wanaenda kwa fundi na kusema "nitengenezee boksi", wanapata kitu kinachoyumba.

Stendi ya kawaida: sentimita 40 kwa 40, kimo 100. Tumia plaiwudi ya milimita 18. Mbavu mbili zikatwe upana wa 40, mbili upana wa 36.4 (40 toa unene mara mbili), zote urefu wa 98.2 ili kifuniko cha 1.8 kikikaa juu upate 100 kamili. Ukikata zote upana wa 40 boksi halitakuwa mraba, na kifuniko kitaacha mdomo upande mmoja.

Hesabu ya shiti: shiti ya 122 kwa 244 inatoa mbavu 6, tatu kwa upana na mbili kwa urefu. Shiti mbili zinatoa mbavu 12, yaani stendi 3. Vifuniko vikate kwenye shiti ya tatu, inatoa 18, kwa hiyo hiyo moja inatosha stendi zote za chumba. Mwambie mwenye mashine aache milimita 3 za msumeno kati ya kipande na kipande.

Gundi ya mbao pamoja na skrubu za milimita 40, toboa kwanza, la sivyo plaiwudi inapasuka ukingoni. Ziba vichwa vya skrubu kwa pati, piga msasa namba 120 halafu 180, kisha rangi ya maji mikono miwili. Rangi ya mafuta inang'aa na kurudisha taa machoni, na harufu yake haiishi kwa wiki mbili.

Ndani chini weka mfuko wa mchanga wa kilo 15 hadi 20. Mtoto akiegemea stendi tupu yenye kibuyu juu, vyote vinakwenda. Sakafu za kumbi nyingi haziko sawa, kwa hiyo weka vipande vya mpira pembe nne na upime kwa pima maji.

Vimo: kibuyu na koroboi sentimita 95 hadi 105. Kigoda weka juu ya jukwaa la 25 tu. Ukikipandisha mita moja mtu anatazama tako la kigoda badala ya kikalio. Kinu sakafuni juu ya ubao mwembamba. Ungo ukutani, kitovu chake sentimita 148 kutoka chini. Kati ya stendi na stendi acha mita 1.2 ili kiti cha magurudumu kipite. Kwa chumba cha mita 8 kwa 6 usizidishe stendi 7.

#6 Mlezi wa Ghala

Kabla hujaingiza kitu chochote cha mbao ukumbini, kiweke juu ya karatasi nyeupe siku tatu. Ukikuta unga mwepesi chini, kuna bungua (mdudu atoboaye mbao) hai. Tundu za zamani bila unga si tatizo. Kwenye kigoda bungua hupenda mbao nyeupe ya nje, kiini cheusi huwashinda, kwa hiyo kagua ukingo wa kikalio na ncha za miguu.

Dawa isiyoacha alama ni baridi. Funga kitu kwenye nailoni nene, toa hewa kadiri unavyoweza, ziba kwa gundi ya utepe, weka kwenye friza. Ikishika nyuzi −20, wiki moja. Friza ya nyumbani ya −18, wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa unaganda juu ya mbao yenyewe. Usigandishe ngoma iliyowambwa, marimba yenye nta, wala kitu chenye rangi iliyopakwa. Na usimwagie dawa ya mchwa ya dukani wala mafuta ya taa: madoa hayatoki na harufu inafukuza watu.

Jambo la pili ni ukavu. Kinu kilichotoka Morogoro au pwani kikiletwa Dodoma kiangazi, mbao inatoa maji haraka kuliko ilivyozoea na inapasuka kuanzia kwenye kiini, hasa kama kimechongwa kwenye gogo zima ambalo kiini kimebaki katikati. Kilichokaa Bahi au Chamwino miaka yote hakina shida hiyo. Kwa hiyo azima vitu vya hapahapa. Usikae na kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja kwenye stendi, na usifungue madirisha mchana wa upepo, vumbi la Dodoma ni jekundu na linaingia kwenye mishipa ya mbao.

La tatu, na hili naliomba kwa moyo wote: msipake vanishi. Msipake Kiwi. Weusi ule wa kikalio umetokana na nguo, mafuta ya mwili na moshi wa jikoni kwa miaka. Ukiusugua kwa sabuni dakika kumi, umeondoa kitu pekee kinachothibitisha kuwa kigoda kilikaliwa. Brashi laini kavu inatosha.

#7 Kibaigwa Shambani

Kibuyu chenye ufa msikitoe kwenye orodha, ndicho chenye maelezo mengi.

Kwanza hakikisha kimekauka. Tikisa, mbegu zigonge kama hazijatolewa. Kilichovunwa kikiwa kibichi hunyauka na kujikunja mabegani, kilichokomaa huvunwa kikonyo kikishakauka, kikaachiwa kikonyo kama sentimita 5, na kukaushwa kivulini penye upepo kwa wiki nyingi. Jua kali hupasua. Ukungu mweusi juu ya ganda ni kawaida wakati wa kukauka, unafutwa. Kikibonyea kwa dole gumba, kimeoza, tupa.

Ufa hushonwa hivi. Toboa tundu dogo la milimita 2 kwenye ncha kabisa ya ufa ili usiendelee. Halafu matundu pande mbili, milimita 6 kutoka ukingoni, nafasi ya sentimita moja. Tumia sindano nene iliyopashwa moto au drili, usitumie msumari na nyundo. Loweka uzi wa katani au ukanda wa ngozi, shona ukiwa mbichi; ukanda wa ngozi ukikauka unavuta wenyewe. Mwisho pitisha nta ya nyuki vuguvugu ndani na nje. Kosa la kawaida ni kuvuta uzi kwa nguvu mwanzoni: ganda linakatika kati ya tundu na tundu, na ufa mmoja unakuwa mitatu.

Kama chenu kilishashonwa na mwenyewe zamani, msirudie kushona. Mshono ule onesheni upande wa mbele.

Kitako cha kibuyu ni duara, hakisimami. Msikibandike gundi. Kiwekeni juu ya ngata, ile ya kitambaa inayowekwa kichwani wakati wa kubeba maji, kipenyo cha ndani sentimita 8 hadi 10. Inashika vizuri kuliko pete ya waya na haikwaruzi ganda.

#8 Fundi Nzuguni

Ngata nakubali kwa uzito, lakini kwenye stendi ya umma ongezeni uzi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni usioonekana, umezungushwa shingoni na kushuka kwenye skrubu mbili ndogo nyuma. Ngata peke yake inateleza mtu akigonga stendi.

#9 Msema Kweli

Ngata imeleta swali jingine. Je, nayo ni kazi ya maonesho au ni kifaa cha kushikilia? Kama ni kifaa, kwa nini isiwe pete ya waya? Kama ni kazi, iko wapi lebo yake?

Na hapo hapo, majina. Makumbusho kibao duniani huandika "msanii hajulikani" chini ya kila kitu cha Afrika. Mkiandika hivyo Dodoma, mahali ambapo aliyechonga yuko umbali wa kilomita thelathini, ni aibu.

#10 Bi Kizota

Hili la majina ndilo kiini, kaka.

Kuna maonesho ya New York ya mwaka 1988, yaliyoandaliwa na Susan Vogel, ambapo wavu wa kuwindia wa Wazande (jamii ya Afrika ya Kati) uliletwa kutoka ghala la makumbusho ya elimu ya viumbe ukiwa umeviringishwa na kufungwa kwa safari. Ukawekwa chini kwenye chumba cheupe, peke yake, chini ya taa. Watu walioingia waliuona kama sanamu ya kisasa. Aliyeufunga hakuwa na nia hiyo. Alikuwa anafunga wavu. Chumba kilifanya kazi yote. Hilo linaonesha nguvu ya chumba, na linaonesha hatari yake, kwa sababu jina la aliyeufunga halikuwa sehemu ya kilichotazamwa.

Usidhani ni Afrika tu. Boksi halisi la Brillo lilibuniwa na James Harvey, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji. Warhol anajulikana, Harvey wachache wanamtaja.

Kuna pia upande wa pili, ambapo jina linalojulikana halitoshi. Mwaka 1926 sanamu ya shaba ya Constantin Brancusi, ndege asiye na mabawa wala miguu, ilifika New York. Forodha ikaitoza ushuru wa asilimia 40 kama bidhaa ya chuma, kwenye fungu moja na vyombo vya jikoni na vya hospitali, kwa kuwa haikufanana na ndege. Kesi ikaenda mahakamani na mwaka 1928 hakimu akaamua kuwa ni sanaa. Forodha ilikuwa inatumia kigezo cha kufanana, mahakama ikakubali kwamba si lazima ifanane na kitu, mradi ni kazi ya asili ya mchongaji na haina matumizi mengine. Kigoda chetu kina nia ya umbo. Kina kazi ya kukaliwa pia, na hapo natofautiana na mahakama: kazi haifuti nia.

Kwa ngata: kama mtaitumia, iandikeni kwenye lebo ya kibuyu kwenye mstari wa nyenzo, "kibuyu, uzi wa katani, nta, ngata ya khanga". Hapo haijifichi kama kifaa, na haijipandishi kuwa kazi pekee.

#11 Nyuzi Nne

Naona zeze na marimba zimepitwa. Ni vyombo vya muziki, na vikiwekwa bila sauti nusu yake imebaki nyumbani.

Marimba ya Kigogo ina tundu kwenye boksi lililozibwa na utando mwembamba wa buibui. Ndio unaotoa mvumo ule wa kukwaruza. Mtu wa usafi akipitisha kitambaa juu yake, umekwisha, na marimba inakuwa na sauti nyingine. Andikeni kikaratasi ndani ya stoo ya usafi na mwambieni kwa mdomo. Kwingineko yameshatokea hayo: Dortmund mwaka 2011 mfanya usafi alisugua doa kwenye kazi ya Martin Kippenberger akidhani ni uchafu, na doa hilo lilikuwa sehemu ya kazi.

Chini ya baadhi ya vijiti kuna donge la nta la kushusha sauti. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 lakini inaanza kulegea mapema zaidi, kwa hiyo gari lililofungwa juani saa saba mchana linatosha kuitoa mahali pake. Safirisheni asubuhi, na chombo kilale vijiti vikiwa juu. Msivute wala kusukuma kijiti "ili kikae sawa": kikirefuka nje ya daraja sauti inashuka, kikifupishwa inapanda, na mpangilio wa mwenyewe umepotea.

Zeze legezeni nyuzi kidogo kama litakaa wiki mbili kwenye ukavu, lakini msitoe daraja. Wekeni rekodi fupi ya dakika mbili kutoka kwa mpigaji wa chombo kilekile, spika ndogo chini ya stendi, sauti ya kusikika ndani ya mita moja na nusu tu. Msiweke rekodi ya mpigaji maarufu. Hayati Hukwe Zawose anastahili chumba chake, ila marimba iliyopo mbele ya mtazamaji si yake.

#12 Wakili wa Area C

Mambo ya karatasi, kwa ufupi.

Vitu vya kuazima: mkataba wa ukurasa mmoja wenye picha ya pande nne za kitu, kasoro zilizopo, thamani mliyokubaliana, tarehe ya kurudisha. Hii inamaliza ugomvi wa "ufa huu haukuwepo".

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kale na vitu vya asili vya jamii. Kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali. Mgeni akipenda kigoda cha zamani kwenye maonesho yenu na kutaka kuondoka nacho, msiuze kwanza mkauliza baadaye.

Kitu kipya chenye mtunzi aliye hai kinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ukipiga picha ya kigoda na kuitia kwenye fulana za kuuza, omba idhini ya mchongaji kwa maandishi. Kwa tukio lenyewe anzeni na Afisa Utamaduni wa Jiji, mapema.

Vitu vya tambiko msiviguse bila wazee wenye navyo kukubali. Si suala la sheria peke yake.

#13 Mkazi wa Mlimwa

Wakuu, asanteni sana. Tumebadili mpango: madumu saba sakafuni kwenye mstari, vitu vya mkono kwenye stendi nne upande wa kaskazini, koroboi na katambuga kwenye meza moja ndefu ili mtu azunguke. Sufuria tumeitoa. Bado mawili: madumu yawe na maji au matupu? Na taa tuweke ya aina gani? Pia mmoja wetu anataka ukuta mmoja uwe na picha kubwa za michoro ya miambani Kondoa, kuonesha kwamba sanaa ya kati ilikuwepo zamani.

#14 Fundi Nzuguni

Maji yawemo, lakini si kwa yote. Dumu tupu ni jepesi, mtoto atalisukuma kwa mguu na mstari wako utavurugika. Lita 5 kwa kila moja zinatosha kulituliza. Moja tu lijazwe lita 20, na mtu aruhusiwe kulinyanyua. Kilo 20 mkononi zinasema kitu ambacho lebo haiwezi. Lile lenye kiraka msilitie maji, kiraka cha kuyeyushwa huweza kuvuja polepole, na maji yakitambaa sakafuni mpaka kwenye stendi plaiwudi inavimba.

Taa: LED za Kelvini 3000 (mwanga wa njano kidogo), zenye kuonesha rangi kwa kiwango cha 90 kwenda juu (imeandikwa kwenye boksi). Zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima. Ikiwa imelala zaidi, kivuli cha mtazamaji kinaanguka juu ya kitu. Ikiwa wima kabisa, kigoda kinaonekana kikalio bila miguu. Kwa mbao laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) 150 hadi 200, kwa kitambaa cha khanga kilichotiwa rangi laksi 50. Kwa madumu taa ya chini kwa ubavu, herufi zilizochomwa zitasimama.

#15 Mlezi wa Ghala

Picha za Kondoa ziacheni.

Michoro ile, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, haikutengenezwa kwa ajili ya ukuta wa ukumbi na baadhi ya maeneo bado yana matambiko ya wenyeji. Iko mahali pake, juu ya mwamba wake, na michoro myekundu ya zamani mara nyingine imefunikwa na ile myeupe ya baadaye. Ukikata mchoro mmoja na kuukuza, umeondoa tabaka hizo zote. Halafu itageuka pambo la kuthibitisha hoja, wakati hoja yenu ni kigoda na dumu. Anayetaka kuiona aende Kolo akiwa na mwongozaji, na asimwagie maji miamba ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji huchukua rangi na kuacha chumvi juu.

#16 Msema Kweli

Mpango wa madumu sakafuni umeniridhisha, hasa lile la kunyanyua. Bado sijakubali kwamba dumu na kigoda vinastahili neno moja. Kigoda ni sanaa kwangu hata kikiwa jikoni. Dumu ni sanaa kwa wiki mbili, likirudi bombani limekoma.

#17 Bi Kizota

Kaka, sentensi yako ya mwisho naiunga mkono, na ningependa ionekane kwenye lebo. Mkazi, lebo iwe maneno 50 hadi 80, herufi za ukubwa wa 24, Kiswahili juu, Kigogo chini kama mna mtu wa kukiandika vizuri. Ibandikwe kulia kwa kitu, kimo cha sentimita 120 hadi 130, si kwenye stendi yenyewe ambako lazima uiname.

Mpangilio wa mistari: jina la aliyetengeneza, kijiji, mwaka au makadirio, nyenzo, aliyekuwa anakitumia, na kwa kazi gani. Kama jina halijapatikana, andika mlipoishia: "Kimechongwa Mvumi, kimetumika na familia moja, mchongaji anatafutwa", kisha weka namba ya simu ya kikundi. Kwa dumu geuza mpangilio: kiwanda hakina umuhimu, anza na aliyechoma herufi na aliyetia kiraka, maana hao ndio waliofanya kazi ya mkono juu yake. Mstari wa mwisho kwenye kila dumu uwe tarehe linaporudi kwa mwenyewe. Kwa kigoda usiweke tarehe hiyo kwenye lebo, iache kwenye mkataba.

Na kwa wale saba wenye madumu: waazimeni madumu mapya saba siku mnayoyachukua yao, asubuhi, kabla bomba halijafunguliwa.